Diski Zenye Alama ya Jembe

Nimelianza daftari hili mara tatu, na mara zote tatu sentensi ya kwanza imetoka na jina la Mutuma. Kurasa hizo nimezichana. Hizi ni kumbukumbu zangu za kazi, si zake, na kama anataka zake akaziandike huko kwake Kianjai. Hata hivyo naona bora niwaambie mapema kwamba huyu mtu atatokea, na akitokea mtanisikia nimebadilika sauti. Mnivumilie.

Daftari lenyewe nimepewa na Kendi, msimamizi wenu wa chumba cha msasa. Siku nilipomkabidhi funguo alilitia mikononi mwangu akasema, "Guka, tuandikie vile mlikuwa mnafanya kazi kabla ya hizi mashine zetu. Na usituletee stori za promosheni, hizo hatutaki." Mimi si babu yake, lakini nimetii. Vyeo na mishahara sitavitaja, kwa kuwa havikunifundisha kitu.

Nilifika katika karakana hii ya Embu nikitoka Gachoka, nikiwa na cheti cha useremala na randa ya marehemu baba niliyoifunga ndani ya gunia. Nilitarajia kupewa mbao. Nilipewa bunda la karatasi ya msasa, limeviringwa likawa nene kama gogo la mti wa mukima, zito kiasi kwamba watu wawili walilibeba huku wakilaumiana. Karakana ilikuwa ikitengeneza milango, mabenchi ya kanisa na meza, kama sasa. Lakini mwenye karakana wakati huo, Bwana Nyaga, alikuwa ameona kwamba mafundi kuanzia Siakago hadi Maua wanahangaika kupata diski za mashine ya kusugulia mbao, ile tuliyoiita sanda. Akawa analeta mabunda makubwa kutoka Nairobi na kukata diski hapa hapa. Nyingine tulizitumia sisi, nyingine zikaenda madukani. Wakataji tulikuwa watatu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Salim. Alikuwa Mwislamu wa mjini Meru, wa ukoo wa wenye mabucha, ambaye kwa sababu zake mwenyewe alikiacha kisu cha nyama akashika msasa. Kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe siku aliyoinunua. Nilipoiona mimi ilikuwa na rangi ya mbao. Alikitazama cheti changu pande zote mbili kisha akanirudishia.

"Lete mkono," akasema.

Nilimpa mkono nikidhani ananisalimu. Akaugeuza, akapitisha vidole vyake juu ya ncha za vidole vyangu, taratibu, macho ameyafumba.

"Huu ni mkono wa jembe," akasema. "Usikasirike, si tusi. Utalainika. Labda mwaka mmoja, labda miwili."

Nilikasirika. Nilikuwa nimekimbia jembe la mama kule Gachoka, na sasa naambiwa nimekuja nalo. Basi wakataji tulipotakiwa kila mmoja kuchagua alama yake ya kutia mgongoni mwa diski, mimi nilichora jembe dogo, ili mzee aone kwamba nimesikia. Aliliona, akatabasamu, na alama ikabaki kuwa yangu hadi nilipostaafu.

Wiki ya kwanza alinipa kipande cha msasa na kioo cha kukuzia, akaniuliza naona nini. Nikasema mchanga. "Hakuna mchanga hapo," akasema, na ndipo nikapata somo ambalo nimewapa wengi wenu bila kusema limetoka kwa nani. Huko viwandani huyeyusha mawe fulani kwenye tanuri kali hadi yawe magumu kushinda yalivyozaliwa, wakayaponda, wakayachekecha. Chembe zilizopita kwenye chekeche la matundu themanini kwa inchi moja ndizo msasa namba themanini. Matundu yakiwa mengi, chembe ni ndogo zaidi, na ndiyo maana namba kubwa ni msasa laini. Wageni wa kazi hii hulikosea jambo hilo kila mara. Kisha karatasi hupakwa gundi na kupitishwa ikiwa imeangalia chini, juu ya zile chembe, na umeme ukazivuta zikaruka na kuganda kwenye gundi zikiwa wima, ncha nje, kama nywele za mtu aliyeona nyoka. Hukaushwa kwa joto, hupakwa gundi ya pili ya kuzishika miguu, hukaushwa tena.

"Chembe zikilala, msasa unapapasa," Mzee Salim akaniambia. "Zikisimama, unakata. Msasa haukwaruzi, kijana wangu. Ni visu vidogo kwenye karatasi, na kazi ya kila namba ni kuondoa mikato ya namba iliyotangulia. Ukiruka namba moja tu, mbao itakutaja mbele za watu."

Kazi yetu ilianzia hapo. Tulibandika kitambaa cha velkro mgongoni mwa karatasi ili diski ishike kwenye sanda, tukailaza chini ya mbao nzito siku mbili, maana mvua za Aprili zikishika hapa Embu karatasi ya msasa hujikunja kama jani kavu. Baada ya hapo tuliikata kwa kisu cha duara kwenye mashine ya mkono, pamoja na matundu manane ya kupitishia vumbi. Siku yangu ya kwanza kwenye kisu hicho niliweka upande wa chembe juu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba diski hukatwa kwa mgongoni. Kufikia saa nne kisu kilikuwa butu kama kijiko. Mzee Salim hakunigombeza. Alinikabidhi jiwe la kunolea na chupa ya mafuta, akaenda zake, nami nilinoa duara lile siku mbili huku wenzangu wakiniuliza kama mboga iko tayari.

Kuna jambo hapa mnapaswa kulielewa vizuri. Ile velkro ilifunika namba ya kiwandani. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tuliogonga namba mgongoni kwa muhuri wa mpira, kisha mkataji akachora alama yake pembeni. Namba ya diski ilikuwa kweli kwa kadiri ya ukweli wa aliyeigonga. Ndiyo maana kila fundi, kabla ya kubandika diski kwenye sanda, aliipima kwa kidole gumba. Ulikuwa mwendo wa sekunde moja, na karakana nzima ilikuwa na mwendo huo.

Jambo la pili ni mkono wa mwisho. Hakuna kitu kilichotoka hapa kwenda kwenye rangi kabla Mzee Salim hajapitisha kiganja juu yake, macho yamefumbwa, kofia imesukumwa nyuma. Akisema "sawa," kinaenda. Akikaa kimya, unarudi kwenye msasa bila kuuliza ni wapi; utapatafuta mwenyewe. Wateja wa Chuka na Meru walikuwa wakiuliza kwanza, "Mzee amegusa?" kabla hawajauliza kingine. Mimi tangu mwaka wangu wa kwanza nilijua kwamba maishani nataka kitu kimoja tu. Nilitaka mkono huo uwe wangu siku moja.

Kisha akaja Mutuma.

Alikuja mwaka wangu wa tatu, mrefu, mpole, bila cheti, bila hata randa, shavu moja limejaa miraa. Mimi nilikuwa mtafunaji wa muguka, majani ya kwetu Mbeere, na siku ya kwanza alinipiga kijembe: "Hiyo ni majani ya mbuzi, Njeru. Kuja nikuonjeshe kitu ya wanaume." Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini nikaiweka rohoni. Mzee Salim akamwita, akamwambia lete mkono. Nilijisogeza karibu nisikie naye akiambiwa ni mkono wa jembe.

Mzee alivigusa vile vidole kwa muda mrefu. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyeonjeshwa asali, "Mashaallah."

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu. Mimi nilipata "sawa." Mutuma alipata "mashaallah." Mwezi wa kwanza alipata tatu. Aliwahi kuambiwa afumbe macho, akapewa diski sita ovyo, akazipanga kwa namba kwa kidole gumba bila kukosea, ingawa mbili kati yake hata mimi niliyezikata ningelazimika kuangalia mgongoni. Aliwahi kugundua unywele mmoja wa brashi chini ya vanishi iliyokauka. Mashaallah, mashaallah. Roho iliniuma kama jino. Nilianza kupaka vidole vyangu mafuta ya parachichi kila jioni na kuvifunga kwa kitambaa, hadi mke wangu akaniuliza ni mwanamke gani huyo anayetaka kushikwa na mikono laini. Nilimwambia ni Mzee Salim. Hakucheka siku mbili.

Na kibaya zaidi, Mutuma hakuwa na ubaya wowote wa kushika. Angekuwa na majivuno ningepumua. Alikuwa akinisaidia kuinua mabunda. Alikuwa akija chumba cha kukata kuchukua diski zake mwenyewe, akichagua zangu, akisema "asante, mkulima," kwa ajili ya lile jembe. Nilidhani ananidhihaki.

Ikatokea kwamba Mzee Salim alianza kuugua kisukari. Mimi ndiye niliyegundua kwanza. Alishika kikombe cha bati kilichojaa chai ya moto, akakishika tu, akizungumza, bila kukibadilisha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Baada ya wiki chache alitukalisha mimi na Mutuma kwenye benchi.

"Nagusa mbao nahisi kama nimevaa soksi mikononi," akasema. "Mmoja wenu atachukua. Sitaki mnibembeleze. Kazi itasema."

Kazi iliyosema ilikuwa meza ya Mwalimu Wambeti wa Runyenjes, mama mstaafu, mjane, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa. Alileta mbao za meru oak, mti ambao marehemu mume wake aliupanda walipooana. Alitaka meza ya watu kumi na wawili, kwa kuwa wageni wa mahari ya binti yake walikuwa waje Jumamosi. Mzee Salim alipitisha mkono juu ya ile mbao ambayo bado haijapigwa msasa, kisha akasema mbele yetu sote, "Hii ataipiga msasa Mutuma, na ataigusa mwenyewe. Ikitoka salama, mkono ni wake."

Sikula mchana huo.

Sasa nifafanue hatua za mwisho za meza kama ile, maana siku hizi mnazifupisha. Unapiga themanini, mia na ishirini, mia na themanini, mia mbili na arobaini. Mkono wa mwisho unapita. Halafu unaifuta mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi zake zinasimama, unaiacha ikauke. Nyuzi hizo zilizosimama unaziondoa kwa pasi moja nyepesi, yaani kuipitisha sanda mara moja tu, kwa diski mpya ya mia mbili na arobaini, ukiwa umevaa glavu za pamba, kwa sababu baada ya hapo mkono mtupu hauruhusiwi kugusa: jasho la mtu huonekana kwenye rangi. Pasi hiyo haikaguliwi na yeyote. Inatoka hapo kwenda kwenye rangi moja kwa moja. Mtu anayetaka kumwangusha mwenzake akitafuta mahali katika kazi yetu yote, atapapata hapo.

Nilipapata. Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa nakata diski za mia na ishirini. Mbele yangu kulikuwa na mihuri yote. Ningependa kuwaambia kwamba sikupanga, na miaka mingi nimejiambia hivyo. Nilichukua diski moja, nikaigonga mia mbili na arobaini. Kisha mkono, kwa mazoea tu, ukachora jembe pembeni. Hebu fikirini ujinga huo: mtu anafanya uovu na kuutia sahihi. Saa ya chakula, karakana ikiwa tupu, niliiweka juu kabisa ya rundo la diski mpya kando ya sanda ya Mutuma.

Nilijiambia atapima. Kila siku nilimwona akipima kwa kidole gumba. Atapima, atacheka, atairusha, nami nitasema muhuri ulinichanganya. Hivyo ndivyo nilivyojitakasa nikimeza chai.

Hakupima. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kukata nikamwona akivaa glavu, akinyoosha mkono, akiibandika. Ningeweza kusema neno moja. Sanda ikalia, ikateleza juu ya meza ile kutoka mwisho hadi mwisho, nami nikarudi kwenye mashine yangu nikakata diski ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mwalimu Wambeti alikuwa amekuja kuona rangi ikipakwa. Kitambaa cha rangi kilipopita, vikatokea vipete vidogo vidogo vyeusi, kimoja juu ya kingine, meza nzima. Mikato ya mia na ishirini hunywa rangi kuliko mbao yenyewe.

"Hii ni nini, fundi?" akauliza. "Ni kama kuku wamekwarua."

Akainama juu ya vile vipete.

"Hii mbao ni ya mzee wangu," akasema tena, na ile sauti yake ya darasani ikawa imepotea. "Aliniachia hii tu."

Mzee Salim alimgeukia Mutuma. Mutuma alivua glavu. Akaibandua ile diski kwenye sanda, akaitazama mgongoni, akapitisha kidole gumba upande wa chembe. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Nimeruka namba, Mzee," akasema. "Ilikuwa haraka. Makosa ni yangu."

Aliitengeneza meza hiyo siku mbili mfululizo, akaivua rangi yote, akaanza upya kutoka mia na ishirini, na Jumamosi asubuhi wageni wa mahari waliikuta mahali pake Runyenjes. Ilitoka nzuri. Lakini Mzee Salim hakusema mashaallah. Baada ya mwezi aliniita peke yangu, akauweka mkono wake uliokufa ganzi juu ya wangu. "Haya, Njeru. Utashika wewe," akasema. Nikangoja neno lingine. "Sawa," akaongeza.

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi hadi nikamnunulia mke wangu kitenge. Mutuma alikaa hadi msimu ule ukaisha, akarudi kwao Kianjai akafungua karakana yake. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia, "Mkulima, chunga huo mkono." Na mimi, badala ya kuona aibu, nilibaki na starehe moja kubwa niliyoinyonya miaka yote kama peremende: kumbe kidole chake si kitu. Kidole kinachosifiwa hivyo, na kimeshindwa kutofautisha mia na ishirini na mia mbili na arobaini!

Nilikuwa mkono wa mwisho hadi mwezi uliopita. Niligusa vitanda, mimbari, madawati, majeneza ya watu niliowajua. Nadhani niliufanya vizuri. Lakini wivu nao haukustaafu. Wateja walikuja wakasema, "Tunataka mlango laini, kama ile ya yule jamaa wa Kianjai." Nikawapa laini kuliko hiyo, nao wakasema inakaribia. Siku moja nikiwa Maua kupeleka diski niliambiwa kaunta ya hoteli fulani ni kazi yake. Niliingia, nikaagiza chai, nikafumba macho nikapitisha kiganja kutoka ukutani hadi mlangoni nikitafuta kosa. Mhudumu akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nikamwambia nimepoteza pete. Akanisaidia kutafuta, maskini. Kosa sikulipata. Hata Mzee Salim alipofariki, nilipofika Meru mbio ili niwahi maziko, nilimkuta Mutuma ameshafika na tayari amelishika jeneza upande wa mbele.

Baadaye Kendi alikuja, na mashine zinazofyonza vumbi, na diski za wavu ambazo hazizibi. Mapafu yenu yatakuwa safi huku mimi nikikohoa vumbi la mukima hadi kaburini. Hilo nalo ninawaonea wivu, na nasema wazi.

Sherehe ya kuniaga mliipanga ninyi wenyewe, soda na keki, hapo uani. Kile ambacho hamkuniambia ni kwamba Kendi amemwalika Mutuma. Nilimwona akiingia langoni, mvi kichwa kizima, bado mrefu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia vidole vyake. Alingoja hadi hotuba zikaisha, akaja akaketi kando yangu kwenye benchi.

"Muga, mkulima."

"Muga," nikamjibu kwa Kimeru chake.

"Nimekuletea kitu yako." Akatoa bahasha ya kaki mfukoni, akanipa. Ndani mlikuwa na diski, imekunjwa katikati, velkro imechakaa. Niliigeuza. Muhuri ulikuwa bado unasomeka, mia mbili na arobaini. Pembeni kulikuwa na jembe.

Niliwasikia mkicheka upande ule mwingine wa uwanja.

"Ulijua," nikasema.

"Si nilijua hapo hapo. Nikitoa tu hiyo glavu."

"Na hukusema kitu kwa Mzee!"

"Ningesema angekufukuza. Na wewe ulikuwa unautaka huo mkono sana kuliko mimi, hiyo kila mtu aliona." Akaweka soda yake kando. "Mimi nilikuwa nataka tu kurudi nyumbani, Njeru. Lakini nilikasirika, usifikirie sikukasirika. Hiyo meza ilikuwa ya mama mjane. Nimekaa na hii kitu kwa droo, nikiona jina lako mahali naitoa naiangalia. Sasa umestaafu. Sitaki kukaa nayo tena."

Nikamuuliza swali lililokuwa peremende yangu miaka yote. Nilimuuliza ilikuwaje mtu mwenye kidole kile, kidole kilichopanga diski sita macho yakiwa yamefumbwa, hakupima.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Ilikuwa na jembe," akasema. "Za hao wengine nilikuwa napima zote. Za kwako nilikuwa napima za nini?"

Alimaliza soda yake, akaaga mmoja mmoja, akaondoka kabla jua halijawa kali. Kendi alikuja kuniuliza kama ninalia. Nikamwambia ni vumbi, naye akatazama zile mashine zake za kufyonza vumbi, akaniacha.

Miaka yote nilimwonea wivu wa mkono, na mkono nikaupata kwa sababu aliuachilia. Sasa nimebaki na wivu mwingine ambao hauna dawa. Mutuma aliwahi kuwa na mtu ambaye kazi yake hakuipima. Mimi nimepima kila kitu na kila mtu, hata yeye, hata Mzee Salim na "sawa" zake, na sijawahi kujua raha hiyo inafananaje.

Basi ninyi mliobaki, haya ndiyo ya kazi. Kateni kwa mgongoni. Lazeni karatasi mvua zikianza. Msiruke namba. Na kabla ya kuvaa glavu, pitisheni kidole gumba kwenye kila diski, haidhuru imetoka wapi. Kendi, juu ya rafu ya mwisho, nyuma ya makopo ya vanishi, kuna rundo nililokata wiki yangu ya mwisho, zote zina jembe. Nilizikata kwa uangalifu kuliko zote za maisha yangu. Hizo nazo, pimeni.